Presha ikifika 180 kwa 110: uanze na dawa zipi, uongeze ipi?

Mtu akiambiwa presha yake ni 190 kwa 115, swali la kwanza huwa ni dawa gani kali itakayoishusha leo hii. Naielewa hofu hiyo, maana karibu kila ukoo una mtu aliyeanguka bafuni akaamka upande mmoja umepooza. Lakini kwa presha kubwa kiasi hicho hakuna kidonge kimoja cha kutegemea kwamba kitaifikisha chini ya 140 kwa 90, na kuishusha kwa pupa kunaweza kuleta kiharusi kilekile kinachoogopwa. Msimamo wangu, kama mtu ninayeshinda nyuma ya kaunta ya duka la dawa, ni huu: dawa mbili zinazokaa mwilini saa 24, zianze pamoja kwa dozi ya wastani, mojawapo iwe amlodipini isipokuwa kuna sababu ya kuikwepa. Ya pili ndiyo ya kujadiliwa, na jibu lake linategemea figo, sukari, moyo, mimba na mfuko.

Ninayoeleza hapa ni ya kukusaidia kuongea na daktari wako ukijua kinachojadiliwa. Usitoke hapa ukaenda kujinunulia.

Kwanza: sindano hospitalini au vidonge nyumbani?

Watu wawili wanaweza kuwa na namba moja, 200 kwa 120, na matibabu yao yakawa tofauti kabisa. Wa kwanza anabanwa na kifua, anahema, ameanza kuchanganya maneno, haoni vizuri, mkono mmoja umelegea au amepata degedege. Huyo presha tayari inaharibu moyo, ubongo, macho au figo, na kila saa ina thamani. Apelekwe hospitali sasa hivi, apate dawa ya mshipa kama labetaloli au haidralazini, huku akipimwa kila baada ya dakika chache. Hata hapo, kwa wagonjwa wengi madaktari hawakimbilii 120 kwa 80. Saa ya kwanza hushusha kama robo tu ya presha aliyoingia nayo, kwa sababu ubongo uliozoea msukumo mkubwa ukinyimwa damu ghafla unaumia. Mwenye kiharusi cha mshipa ulioziba huachwa kwa muda na presha yake ilivyo, mara nyingi hadi 220 kwa 120, isipokuwa anapewa dawa ya kuyeyusha bonge la damu au ana jambo jingine linalolazimisha kushusha. Ndugu wanaokaa kando ya kitanda wakidhani mgonjwa wao ametelekezwa wangestahili kuelezwa hilo mapema.

Wa pili ana 200 kwa 120 lakini hana dalili yoyote, amegundulika kwenye upimaji wa bure uwanjani. Huyu hahitaji sindano. Anahitaji kupimwa upya vizuri, kuanzishiwa vidonge siku hiyohiyo na kurudi kliniki ndani ya siku chache. Kupimwa vizuri maana yake akae kwenye kiti chenye mgongo dakika 5, miguu chini bila kukunja nne, kibofu kitupu, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mdomo umefungwa, kisha apimwe mara mbili. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo wa mashine, presha inasomeka kubwa kuliko ilivyo.

Kosa lililozoeleka kwa huyu wa pili ni kumwekea kidonge chini ya ulimi, akae nusu saa, mashine isome 150, aambiwe aende nyumbani. Zamani ilitumika nifedipini ya maji, kapsuli inayotobolewa. Watu walishuka ghafla mno, wengine wakapata kiharusi na mshtuko wa moyo, hadi mwaka 1996 jarida la JAMA likachapisha wito wa kuisitisha. Kaptoprili chini ya ulimi inaonekana ya upole zaidi, ila faida yake ni ya saa chache. Ikiisha, presha inarudi palepale na mgonjwa hana dawa ya kesho. Kati ya kuondoka na namba nzuri ya saa sita na kuondoka na dawa za mwezi, chukua dawa za mwezi.

Dawa moja kwa dozi kubwa, au mbili kwa dozi ya wastani?

Kwamba dawa za presha kali zinaokoa maisha kulithibitishwa mapema. Mwaka 1967 hospitali za maveterani wa Marekani zilitoa matokeo ya wanaume 143 ambao presha yao ya chini ilikuwa kati ya 115 na 129. Nusu walipewa dawa, nusu vidonge visivyo na kitu. Kundi lisilo na dawa lilipata matukio mabaya 27, yakiwemo vifo, viharusi na moyo kushindwa kufanya kazi. Kundi la dawa lilipata 2. Na dawa zenyewe zilikuwa tatu kwa pamoja: haidroklorothiazaidi, reserpini na haidralazini.

Hesabu inaeleza kwa nini zilihitajika tatu. Ukikusanya tafiti nyingi, dawa moja ya presha kwa dozi ya kawaida hushusha kama 9 juu na 5 chini kwa mtu aliyeanzia karibu 154 kwa 97. Aliyeanzia juu zaidi hushuka zaidi kidogo. Sasa mwenye 190 ana pengo la 50 kufika 140. Akipewa kidonge kimoja na kuambiwa arudi baada ya mwezi, atarudi na 175, atakata tamaa, na jirani atamshauri aache dawa anywe choya na mlonge.

Kuongeza dozi ya dawa ileile kunasaidia kidogo kuliko watu wanavyodhani. Uchambuzi wa tafiti 42 uliotoka mwaka 2009 ulionyesha kwamba kuongeza dawa ya kundi jingine kunashusha presha kama mara tano zaidi ya kuongeza dozi ya ile ya kwanza maradufu. Tena madhara mengi hupanda pamoja na dozi. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendekeza kuanza na muunganiko wa dawa, ikiwezekana ndani ya kidonge kimoja. Kwa presha ya 180 na zaidi sioni hoja ya kuanza na moja, labda kwa mzee dhaifu sana, anayepata kizunguzungu akisimama, ambaye ni afadhali aende polepole.

Makundi matatu ya msingi, na ushindani wao

Muunganiko huo unatoka kwenye makundi matatu. Kwenye boksi utayatambua kwa mkia wa jina. Yanayoishia -dipine hulegeza kuta za mishipa, na amlodipini ndiyo mfalme wao. Yanayoishia -pril na -sartan huzuia kemikali ya mwili inayobana mishipa na kushikilia chumvi. Haya nayahesabu kundi moja. La tatu ni dawa za kukojoza, ambayo huku kwetu ni haidroklorothiazaidi, iliyofupishwa HCTZ.

Je, ni jozi ipi bora kwa mtu wa Afrika? Hapa tuna bahati ya kuwa na utafiti uliofanyika kwetu, tusilazimike kukisia kutoka Ulaya. Unaitwa CREOLE, ulichapishwa mwaka 2019, na ulihusisha wagonjwa 728 kutoka nchi sita za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya na Uganda zikiwemo. Walilinganisha amlodipini na HCTZ, amlodipini na perindoprili, na perindoprili na HCTZ. Baada ya miezi 6, jozi mbili zenye amlodipini zilishusha presha ya juu zaidi ya ile isiyo nayo kwa karibu 3, ikipimwa mchana na usiku kwa mashine ya kuvaa. Kati ya zile mbili hapakuwa na tofauti ya maana.

Kwa hiyo mahali pa kuanzia pako wazi. Ubishi uliobaki ni mwenzake.

Amlodipini kwa karibu

Nguvu yake kubwa ni ukaaji. Nusu ya dozi bado iko mwilini baada ya saa 30 hadi 50, hivyo aliyesahau kidonge cha jana haruki ghafla kama anayemeza kaptoprili. Haisubiri majibu ya maabara ya figo wala ya chumvi za damu, jambo kubwa kwa zahanati ambayo sampuli inasafirishwa wilayani. Haibughudhiwi sana na dawa za maumivu. Na inawafaa wazee kwa vijana.

Upande wa pili wa nguvu hiyo ni kwamba haina haraka. Kazi yake kamili inaonekana baada ya wiki moja au mbili za kumeza bila kukatiza, na hapa ndipo inapoharibiwa matumizi. Kuna bibi mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, aliyekuja akafungua pindo la kanga na kunionyesha karatasi ya vidonge ambayo zaidi ya nusu ilikuwa haijaguswa, na ilipaswa kuwa imeisha.

"Shikamoo bibi. Hivi vingine mbona vimebaki?"

"Marahaba mjukuu wangu. Nameza kichwa kikiniuma. Kisipouma, nameza cha nini?"

Kwake amlodipini ilikuwa kama panadoli. Kwa mtindo huo dawa haipati nafasi ya kujaa mwilini, na presha hubaki juu siku zote ambazo kichwa kimenyamaza. Tulimpigia mahesabu kwa kalenda ya ukutani kwake: kidonge baada ya swala ya alfajiri, kichwa kiume kisiume. Mwenye mgonjwa wa namna hiyo nyumbani asimgombeze. Alijifunza dawa kwa homa na maumivu, na huko dalili ikiisha ndiyo dawa huisha.

Kero halisi ya amlodipini ni miguu kuvimba. Kwa 5 mg huwapata kama watu 3 kati ya 100, kwa 10 mg hufika karibu 11, na wanawake hupata zaidi ya wanaume. Jipime jioni: bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, hesabu hadi kumi, achia. Kishimo kikibaki, umevimba. Uvimbe huu hautoki kwenye figo wala haumalizwi na dawa za kukojoza, kwa hiyo usikubali kuongezewa furosemidi kwa ajili yake tu. Kinachosaidia ni kurudi 5 mg na kuongeza -pril au -sartan, ambazo hupunguza uvimbe huo zenyewe. Ila miguu ikivimba pamoja na kuhema au kushindwa kulala chali, hilo ni jambo la moyo mpaka daktari aseme vinginevyo.

Wanaotumia rifampisini kwa kifua kikuu wajue kwamba huifukuza amlodipini mwilini, na presha inaweza kupanda bila sababu nyingine. Wanaotumia dawa za VVU zenye ritonaviri hupata kinyume chake: amlodipini hujaa kupita kiasi. Kwa hiyo taja dawa zako zote, hata zile ambazo unaona aibu kuzitaja mbele ya watu. Omba muongee pembeni.

Mwenza: -pril/-sartan, au HCTZ?

Zinapokuwa peke yake, -pril na -sartan hushusha kidogo kwa wengi wenye asili ya Afrika, kwa sababu kwa wastani presha yetu inatokana zaidi na mwili kushikilia chumvi kuliko na ile kemikali zinayoizuia. Kwenye utafiti mkubwa wa ALLHAT wa mwaka 2002, wenye washiriki zaidi ya 33,000 wa Amerika Kaskazini, weusi waliopewa lisinoprili walipata kiharusi kwa asilimia 40 zaidi ya weusi wenzao waliopewa dawa ya kukojoza, klorthalidoni. Hiyo haina maana kwamba losartani uliyoandikiwa ni takataka. Ikikaa na amlodipini au HCTZ udhaifu huo unazibwa, kama CREOLE ilivyoonyesha.

Na kuna watu ambao kwao kundi hili ni la lazima: mwenye kisukari ambaye mkojo wake una protini, mwenye figo zilizoanza kudhoofu na zinavujisha protini, na mwenye moyo uliochoka kusukuma damu. Kwa hao, amlodipini na -pril au -sartan ndiyo jozi, na HCTZ itakuja ya tatu. Gharama yake ni maabara: kreatinini (uchafu wa damu unaoonyesha figo zinavyofanya kazi) na potasiamu (moja ya chumvi za damu) zipimwe kabla, kisha tena wiki moja au mbili baada ya kuanza. Kreatinini kupanda kidogo, hadi asilimia 30, kunavumilika.

HCTZ ina bei ndogo, inapatikana hata vijijini, na inashambulia palepale penye tatizo letu, chumvi. Dozi ni 12.5 hadi 25 mg. Zaidi ya hapo unaongeza madhara kuliko faida. Inapunguza potasiamu, na hapo mtu hubanwa na misuli usiku au kuhisi mwili hauna nguvu. Kwa wazee hupunguza sodiamu hadi wakaanza kuchanganyikiwa, na familia ikadhani ni uzee. Huamsha jongo kwa mwenye nalo na hupandisha sukari kidogo. Wasafiri wa mabasi huiruka kwa kuogopa kukojoa njiani. Kukojoa sana hupungua baada ya wiki chache, wakati kushusha presha kunaendelea.

Wanaume hawalisemi kaunta, nitalisema mimi: HCTZ na atenololi (dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, nitaifikia chini) zinaweza kupunguza nguvu za kiume kwa baadhi yao. Amlodipini na -sartan zina lawama ndogo hapo. Presha yenyewe nayo huua nguvu hizo, hivyo kuacha dawa hakurudishi kitu. Mwambie daktari abadilishe, usipotee kimyakimya.

Mimi, kwa mtu wa miaka 50 asiye na kisukari wala tatizo la figo, anayeishi mbali na maabara na mwenye kipato kidogo, ningechagua amlodipini na HCTZ. Kwa mwenye kisukari, jongo au figo zenye walakini, amlodipini na -sartan. Na kwa wengi wenye 180 na kuendelea zote tatu zitahitajika ndani ya miezi michache. Hapo -sartan na HCTZ hufanyiana hisani, kwa kuwa moja hupandisha potasiamu na nyingine hushusha.

Jambo moja linahusu zote mbili. Ukiharisha au kutapika sana, wasiliana na kliniki siku hiyohiyo kabla ya kuendelea nazo, maana zikikutana na mwili uliokauka figo huumia. Ukiongeza diklofenaki au ibuprofeni juu yake, umeziweka figo pabaya zaidi, na presha nayo inapanda. Mwenye maumivu ya goti na presha kali aanze na parasetamoli. Wafungaji wa Ramadhani waongee na daktari mapema kuhusu kuhamishia HCTZ wakati wa futari, wasikabiliane na jua la mchana huku wamekojoa maji yote ya daku.

-Pril au -sartan?

Kazi ni karibu ileile. Enalaprili na kaptoprili kwa kawaida ni nafuu, lakini kaptoprili humezwa mara mbili au tatu kwa siku, na hakuna anayekumbuka ya mchana mwezi mzima. Kama ni -pril, bora lisinoprili au perindoprili, mara moja kwa siku. Kisha kuna kikohozi kikavu kinachokera koo, kinachompata kama mtu 1 kati ya 10. Nimeona watu wakizungushwa na dawa za kikohozi, vipimo vya kifua kikuu na antibayotiki, chanzo kikiwa kidonge cha enalaprili kwenye mfuko wao. Na kuna jambo la nadra lakini la kutisha: midomo, ulimi na koo kuvimba ghafla. Kwa watu weusi hutokea mara kadhaa zaidi ya wazungu. Likikutokea, kimbia hospitali, na usiguse -pril tena maishani.

Kwa sababu hizo mbili, bei zikikaribiana, nachagua -sartan bila kusita. Losartani ndiyo iliyoenea. Telmisartani hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Kuchanganya -pril na -sartan pamoja ni kosa: utafiti wa ONTARGET wa mwaka 2008 ulionyesha figo zinaumia zaidi bila faida ya ziada. Ukiona zote mbili kwenye cheti chako, uliza.

Dawa nyingine za kukojoza

Indapamidi na klorthalidoni hukaa mwilini muda mrefu kuliko HCTZ, na kwa miaka mingi wataalamu wengi waliziona bora. Mwaka 2022 maveterani wa Marekani zaidi ya 13,000 walilinganishwa, wengine klorthalidoni, wengine HCTZ. Matukio ya moyo na viharusi yalilingana, ila potasiamu ilishuka zaidi kwa wa klorthalidoni. Kwa hiyo usihangaike kutafuta mji mzima dawa ambayo haipo. Anayefaidika wazi na klorthalidoni ni mwenye figo dhaifu sana.

Furosemidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix, hufanya kazi saa chache kisha inaisha. Ni dawa ya maji yaliyojaa mwilini kwa moyo au figo kushindwa. Kama dawa ya presha ya kila siku kwa mtu mwenye figo nzima, haifai.

Atenololi na propranololi

Bado naziona kwenye vyeti vingi zikiwa za kwanza, hasa kwa waliolalamika mapigo ya moyo kwenda mbio. Kama mgonjwa hana ugonjwa wa moyo, sizipi nafasi ya kwanza wala ya pili. Kinga yake dhidi ya kiharusi ni hafifu kuliko ya makundi yale matatu. Zina mahali pake: baada ya mshtuko wa moyo, kwa moyo unaopiga ovyo, na aina kama bisoprololi na karvediloli kwa moyo uliochoka. Mwenye pumu azikwepe. Anayezitumia asiziache siku moja kwa uamuzi wake, kwa sababu presha na moyo hurudi kwa kishindo. Hupunguzwa kidogokidogo chini ya macho ya daktari.

Zimeshakuwa tatu na bado 170

Kabla ya dawa ya nne, kagua mambo ambayo hayauzwi dukani. Vidonge vinamezwa kweli? Kuna diklofenaki ya mgongo, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, au dawa ya mafua ya kuzibua pua? Chumvi ikoje kwenye dagaa, kachumbari na viungo vya unga vya supu? Mgonjwa anakoroma na kukatika pumzi usingizini? Kijana wa miaka 28 mwenye 200 atafutiwe chanzo kwenye figo, mishipa yake na tezi zilizo juu yake, badala ya kurundikiwa vidonge.

Yakishakaguliwa, mshindi ni spironolaktoni ya 25 mg. Utafiti wa Uingereza uitwao PATHWAY-2, wa mwaka 2015, uliwapa wagonjwa wa presha sugu spironolaktoni, bisoprololi na doksazosini kwa zamu. Spironolaktoni iliziacha mbali. Hupandisha potasiamu, kwa hiyo ikiwa pamoja na -pril au -sartan damu lazima ipimwe mapema, na mwenye figo dhaifu anahitaji uangalizi wa karibu. Wanaume baadhi huvimba matiti na kuuma. Wakiambiwa kabla, hawashtuki.

Mjamzito yuko peke yake

Karibu yote niliyoyasifu kuhusu -pril na -sartan hapa yanageuka kuwa marufuku, kwani huharibu figo za mtoto tumboni. Binti wa umri wa kuzaa mwenye presha aulizwe mipango yake kabla ya kuandikiwa, na aliyeshika mimba akiwa anazitumia aende kliniki mara moja abadilishiwe. Dawa zake ni methildopa, nifedipini ya kukaa muda mrefu na labetaloli. Methildopa ina historia ndefu ya usalama lakini humezwa mara mbili hadi nne kwa siku na huleta usingizi; nifedipini ni rahisi zaidi kuifuata. Presha ya 160 kwa 110 kwa mjamzito, au kwa aliyejifungua wiki chache zilizopita, ni ya hospitali siku hiyohiyo hata kama anajisikia mzima. Kifafa cha mimba hakipigi hodi, na kinga yake ni magnesiamu salfeti, ambayo haikai kwenye duka la dawa.

Kidonge kimoja chenye mbili, asubuhi au usiku, na hela

Tangu mwaka 2019 orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ina vidonge vya pamoja, kama telmisartani na amlodipini, au lisinoprili na HCTZ. Kinachonivutia ni kwamba mgonjwa hawezi kubakiza moja na kumeza nyingine. Kasoro zake ni bei ambayo mara nyingi iko juu, na kwamba madhara yakitokea ni vigumu kujua nani mkosaji. Kwa mwenye bima au uwezo, achukue cha pamoja.

Kuhusu saa ya kumeza, utafiti wa TIME wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2022 ukiwa na washiriki zaidi ya 21,000, haukuona tofauti kati ya asubuhi na jioni kwa mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo. Meza saa ambayo hutaisahau. HCTZ tu iwe asubuhi, ulale.

Kipimo cha kurudia kiwe kila mwezi hadi ufike chini ya 140 kwa 90. Mwenye kisukari, figo au aliyewahi kupata kiharusi alenge presha ya juu iwe chini ya 130. Ukishafika, miezi 3 hadi 6 inatosha. Nenda na karatasi za vidonge ulivyomaliza, si kadi peke yake.

Na mwezi ambao hela haitoshi, tafadhali usigawe kidonge cha pamoja cha bei ghali ukameza leo ukaruka kesho. Njoo useme, na sisi tuwasiliane na daktari wako. Mara nyingi amlodipini na HCTZ za kawaida, zikinunuliwa kila moja peke yake, zinaingia kwenye bajeti ambayo kile kidonge kimoja kiliishinda, na utatoka na siku 30 kamili.